Makubadhi ya Mzee Shamte

"Miguu ndiyo iliyozeeka, mimi bado kijana," Mzee Shamte humjibu kila anayemjulia hali, na watu hucheka. Mkewe, kabla ya kwenda sokoni, huyaweka makubadhi ya mzee nje ya mlango, wageni wajue mwenyewe yumo.

Mke akishatoka tu, kijana wetu Shamte huyavuta ndani kwa mkongojo, chini ya pazia la mlango. Wageni hupiga hodi, hawaoni viatu, huondoka. Naye hubaki kitandani anautazama ukuta, utadhani una habari mpya.

Leo rafiki yake Fumu hakuondoka. Alizunguka dirishani, akachungulia.

"Shamte! Umelala na viatu umevikumbatia? Vitatoroka?"

Shamte aligeukia ukutani.

"Na sisi tunasema umepona, unazurura! Kumbe unajificha."

"Nenda zako, Fumu. Tangu miguu ife, hata mimi sijioni kama nimo."

Fumu aliegemea dirisha. "Basi nami sitoki hapa," alisema, "na jua hili linaniunguza."

Kitanda kililia. Baada ya muda, ncha ya mkongojo ikatokeza chini ya pazia, ikisukuma kubadhi moja polepole hadi kizingitini, ikasita.