Fundo Kifuani

Tunu alikuwa na miaka tisa na miguu isiyosimama. Kwenye bustani ya michezo ya maji, Bi Rukia alimpandisha ngazi za mteremko wa kuteleza kwa mbeleko, kama kichanga.

"Mama, watu wanacheka."

"Waache wacheke, anayehema ni mimi."

Juu kabisa, mlinzi alimtayarishia Tunu jaketi la kuelea. "Mwenzangu yuko chini, atampokea. Lakini anashuka peke yake, mama."

Bi Rukia alilishika fundo la kanga kifuani, asilifungue.

"Fungua, mama," Tunu alimnong'oneza shingoni.

Akafungua. Mtoto akavalishwa jaketi, akaketishwa mdomoni mwa mteremko, akateleza akipiga mayowe, akapotea konani. Kisha kikasikika kicheko.

"Mama! Na wewe njoo!"

Foleni ilinung'unika nyuma. Bi Rukia akaketi, maji yakimvuta gauni.