Sauti Isiyo na Jina

Mama Nyamizi alikuja kwenye mafunzo ya utafiti wa afya kwa sababu aliambiwa safari hii wagonjwa na watafiti watakaa meza moja, na kila mtu atakuwa na kauli.

Lusajo, mtafiti kijana, akaweka spika ndogo mezani. "Tumsikilize mgonjwa mmoja wa utafiti wa zamani. Jina lake tumeliondoa, hakuna atakayemjua."

Sauti ya mwanamume ikaanza kueleza maumivu ya kifua. Ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikaita pembeni, "Mama Nyamizi, maji basi. Au umeenda kuchimba kisima?"

Watu wakacheka. Mama Nyamizi alikuwa ameshasimama, mkono umefika kwenye jagi.

Kicheko kikakatika walipomwona. Lusajo akazima spika haraka.

"Samahani sana, mama. Hatukujua ni mumeo. Nitaifuta leo hii hii."

"Usiifute."

"Lakini mama, inakuumiza."

"Tangu nimzike, sauti yake imenipotea. Usiku najaribu kuikumbuka, haiji. Kumbe mnayo nyinyi." Akamtazama. "Si mlisema hapa na mimi nina kauli?"

Lusajo akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama. Tufanyeje?"

"Irudishe nyuma kidogo."

Kikohozi kikaanza upya, na ile sauti ikaita maji. Mama Nyamizi akamimina glasi, akaisogeza taratibu mpaka ikagusa spika, akakaa.

Kikohozi kikatulia. Ndani ya spika ukapita ukimya kama wa mtu anayekunywa, na hakuna aliyethubutu kuitazama ile glasi.