Kamba ya Jukwaa

"Wapandishe mafundi," alisema msimamizi wa ujenzi. "Ukuta uishe leo."

Binti aliyeambiwa hivyo, mwanafunzi wa chuo wa mwaka wa mwisho, alikuwa ameshika kamba iliyofunga mirunda, miti ya jukwaa la kupandia mafundi. Nyuzi zake zilikuwa zikimkatikia vidoleni kama nywele.

"Kamba imeoza, mzee. Haibebi mtu."

"Usinifundishe kazi! Umekuja kutafuta alama za mafunzo, na alama ninazo mimi. Nikikufelisha, shahada ya usimamizi wa ujenzi utaiona kwa wenzako."

Hasira ilimpanda binti hadi masikio yakawaka moto. Miaka yote chuoni alihimizwa kumlinda fundi kwanza. Leo, ili ahitimu, alitakiwa kufumba macho.

"Usijiharibie, binti yangu," alisema fundi mmoja, mguu tayari kwenye ngazi. "Sisi tumezoea."

Neno hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alimshika mkono fundi yule, akamshusha.

"Rudini nyuma, nyote!"

Walipokwisha kusogea, aliivuta kamba kwa nguvu zake zote. Ikakatika. Mbao za jukwaa zikaporomoka kwa kishindo, vumbi likamfunika msimamizi kuanzia kofia hadi viatu.

"Haya," binti alimwambia. "Nifelishe."