Miguu ya Salha

"Usinitishie mkamwana wangu, Tabu. Miguu ikivimba, mtoto ni wa kiume," alisema Bi Mwanahawa.

"Na kichwa kinachomuuma tangu jana, nacho ni cha kiume?"

Tabu, muuguzi jirani, aliubonyeza mguu wa Salha kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki. Aliwahi kuliona shimo hilo kwenye mguu wa dada yake, walipokuwa wakimwosha kwa ajili ya sanda. Jina la mvulana wa dada huyo nalo lilikuwa limeshachaguliwa.

"Hatoki humu mpaka mwanangu arudi."

Tabu alimshika Salha kwapani, akamwinua. Wakaondoka kwenda hospitali. Salha alikwenda pekupeku, kwa kuwa viatu havikumwingia.

Bi Mwanahawa alibaki uwanjani na fagio, akizitazama nyayo pana vumbini, asizifagie.