Bwana Bakteriamu

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kupigia simu, ila mtangazaji alikuwa bado hajakosea.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia akaisogeza redio karibu na sikio. Leo kipindi cha sayansi kilikuwa cha mwisho. Wiki ijayo, walisema, saa hiyo itakuwa ya muziki. Na yeye alizoea kupiga kwa jambo moja tu: kusahihisha. Binti wa redioni akisema "bakteria mmoja", anapiga: mmoja ni bakteriamu, wakiwa wengi ndio bakteria. Akisema "nuklei moja", anapiga tena: moja ni nukliasi, bwana! Kule studio walishambatiza Bwana Bakteriamu, na wasikilizaji walimcheka mpaka basi. Wacheke tu. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu mwingine wa kucheka wala wa kununa.

"Asante mzee wangu kwa kunirekebisha," binti humwambia kila mara. "Jina lako nani vile?"

"Msikilizaji tu," hujibu, kisha hukata haraka haraka.

Leo binti alikuwa ameiva. Bakteriamu, sawa. Nukliasi, sawa. Datamu moja, data nyingi: sawa! Lo! Mwalimu akajikuta anamwombea ateleze. Mwalimu mzima, anamwombea mtu akosee! Aliona aibu, lakini aliendelea kuomba. Asipokosea, atapiga kwa kisingizio gani? Na asipopiga leo, ndiyo basi tena.

Hakuteleza. Aliwashukuru mafundi mitambo, akawashukuru wasikilizaji, na muziki wa kufungia ukaanza kusikika chini ya sauti yake.

Akapiga.

"Umekosea," alisema. "Umesema bakteria mmoja."

"Sijasema hivyo, mzee wangu."

"Umesema! Nimekusikia kwa masikio yangu haya."

Muziki ukazimwa. Redio ikanyamaza, simu nayo ikanyamaza. Mwalimu alidhani amekatiwa, akabaki ameishika simu vilevile kwa mikono miwili.

"Leo sijakosea, Baba," binti alisema polepole. "Maneno hayo ulinifundisha mwenyewe, kabla hujanifukuza nyumbani. Siku zile zote nilikuwa nakosea makusudi, ili upige."