Hodi ya Ndani

Zamani, mvua ilipokuwa bado inajifunza kunyesha, aliishi konokono mdogo, mwoga kweli kweli. Wingu likinguruma tu, hujifungia ndani ya nyumba yake. Siku moja akasikia humo: du, du, du!

"Mama, kuna mtu anagonga! Mfukuze!"

Mama akaizunguka nyumba polepole. "Huku nje hakuna mtu, mwanangu. Ni moyo wako humo ndani. Umeogopa, unabisha hodi. Na hodi huitikiwa."

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akaishusha taratibu. "Karibu," akanong'ona. Mlio ukalainika, ukawa kama manyunyu juu ya jani.

Wingu liliponguruma tena, moyo ukabisha hodi.

"Karibu," akasema, huku akichomoza pembe zake nje. "Ila leo sikai ndani. Twende zetu."