Mwaka Radi Zilipomchagua Nyangwine

Siku radi ilipomuua ng'ombe wa kwanza wa Mzee Nyangwine, mbinguni hakukuwa na wingu hata la dawa. Wanawake walikuwa wameanika wimbi juani tangu asubuhi.

"Radi za siku hizi hazingoji mawingu," alieleza Nyangwine, akaketi, akaomba uji.

Kisyeri, mwanawe, aliuliza nyama iko wapi. Akakumbushwa kwamba kwao ng'ombe wa radi haliwi, huzikwa huko huko malishoni. Akauliza ngozi. Akaambiwa imeungua. Radi hiyo ilikuwa na bidii kweli.

Huyo hakuwa ng'ombe wa hivi hivi. Alikuwa wa mahari ya Ghati, dada yake Kisyeri, aliyeolewa mwaka uliopita, na mila iko wazi: mahari ya dada ndiyo anayoolea kaka. Kisyeri alikuwa ameshampata Bhoke wa Kerende, na Bhoke ameshamkubali. Kilichobaki ni baba kuwaswaga ng'ombe hadi kwa wakwe, maana kijana hajipelekei mahari mwenyewe.

Basi bwana, hapo ndipo hali ya hewa ikaharibika. Baada ya radi ikaja mvua ya mawe, ikaua ndama na haikugusa hata jani la mtama. Kisha mto Mara ukafurika katikati ya kiangazi, ukasomba majike. Tena majanga yenyewe yalikuwa na macho: yaliwaruka ng'ombe wa Nyangwine, yakaenda moja kwa moja kwa wale wa mahari.

"Dunia imebadilika," Nyangwine aliwaambia wazee kwenye pombe. Ulikuwa mwaka 1955, na dukani kwa Mhindi kule Tarime alikuwa amesikia redio ikitaja mabomu ya Wazungu. "Wamelipua bomu huko baharini, wametoboa mbingu. Zamani majanga yalikuja moja moja. Sasa yanapokezana."

Wazee wakakubali. Mzee gani atakataa kwamba zamani kulikuwa kuzuri, hasa anayesema akiwa ndiye mwenye pombe?

Mokami, mkewe, alikuwa anapepeta wimbi pembeni. "Radi zilikuwepo tangu mimi msichana," alisema. "Nzige walikuwepo, njaa ilikuwepo. Ila zamani radi ilikuwa inapiga na kwa jirani."

Nyangwine akawaongezea wazee pombe.

Kule Kerende, baba yake Bhoke akachoka kungoja. Alituma neno kwamba mvua za kupandia hazitamkuta binti yake bado yuko nyumbani. Atakayetangulia kufika na ng'ombe ndiye mkwe. Kisyeri akakosa raha kabisa. Alimpenda Bhoke na alimwogopa baba yake, na alijua moja kati ya hayo mawili litamponza.

Nyangwine, kwa huruma yake, akajitolea kwenda kuomba subira. Alikwenda mara nyingi, maskini. Kila janga jipya alilipeleka Kerende mwenyewe, amevaa koti lake la vitani, amejipaka siagi mpaka shingo inang'aa. Jioni alirudi akipiga mluzi. Mtu wa misiba mingi namna hiyo, na bado anapiga mluzi! Huyo ana moyo wa chuma.

Mwishowe Kisyeri akavuka mto, akaenda Nyansurura kwa Mwikwabe, rafiki wa rika moja na baba yake. Kila mtu anajua kwamba ng'ombe usiotaka waonekane huwekwa kwa rafiki, tena mbali. Akawakuta wote malishoni, wamenenepa. Aliyekufa kwa radi alikuwa ananyonyesha. Waliosombwa na mafuriko walikuwa wamelala kivulini wanacheua. Ndama wa mvua ya mawe walikuwa wameanza kuota pembe.

Mwikwabe alipoulizwa, alisema yeye ni mtunzaji tu, mambo ya mbinguni hayajui.

Kisyeri akawaswaga hadi nyumbani, akawasimamisha mbele ya baba yake, majirani wanatazama.

"Tata," alisema, "marehemu wako wamefufuka."

Nyangwine aliwatazama ng'ombe, akawatazama majirani. Kisha akamshika kijana bega.

"Haya, umenishinda," alisema. "Tena umenipunguzia kazi ya kuwavusha mto. Kesho alfajiri nawapeleka Kerende mimi mwenyewe."

Kisyeri akalia mbele za watu bila aibu. Majirani wakamsifu mzee kwa kukubali kosa, jambo ambalo hapo kijijini ni nadra kuliko radi ya kiangazi. Mokami akasiliba nyumba upya, akapika pombe, akaenda kuazima vyungu. Kisyeri naye akapanda juu ya kibanda chake, akaanza kuezeka upya paa lililokuwa linavuja.

Baada ya siku chache, jioni, vigelegele vikasikika njiani. Nyangwine alitangulia mbele, ndani ya koti lake, uso unang'aa. Nyuma yake Bhoke alikuja katikati ya wanawake wa kwao, amefunikwa kichwa, macho yako chini. Kisyeri alishuka kwenye paa mbio, nyasi zingali zimemjaa nyweleni, akasimama kando ya mama yake. Alicheka mpaka magego yakaonekana. Bhoke hakuinua macho.

"Mokami, ondoka mlangoni, mwenzio apite," alisema Nyangwine. Kisha akamgeukia kijana. "Na wewe Kisyeri, unacheka nini? Mwamkie mama yako."